Zuhura, Usiwaandikie Majibu

Mwanangu Zuhura,

Salamu utazipata kesho asubuhi mlangoni, kwa mdomo, na machozi pia kama unayataka. Hapa naandika kwa sababu nina hasira, na nikiwa na hasira nikaanza kusema, baba yako hunikata kauli. Hunambia, "Bi Rukia, majirani." Karatasi haina majirani.

Ni alasiri. Wewe umekwenda Mtoni kumuaga shangazi yako, na mimi nimefunga mlango wa chumba. Habari za chandarua, kwinini, mafuta ya taa na kutozoeana na kila mtu siku ya kwanza sikuandikii. Hayo yote shangazi yako anakupa sasa hivi, na ziada juu yake, na najua unaitikia tu huku unatazama njia. Mimi nina jambo moja, nalo ni maneno uliyoyasema jana tulipokuwa tunakula.

Ulisema hivi, nayakumbuka yote: "Mimi sitaki makubwa, mama. Ntaandika maswali ubaoni, ntaandika na majibu yake, watoto wayahifadhi. Mkaguzi akija akiuliza, atajibiwa. Nshaona yaliyokupata wewe."

Baba yako akasema, "Mtoto ana akili." Mimi nikanyamaza. Nyote wawili mnajua kwamba nikinyamaza huwa sijakubali.

Umeona nini, Zuhura? Uliniona nimerudi nyumbani mchana, nimetupa buibui kitandani, nimekataa chakula. Ulisikia nimenyang'anywa somo la kusoma na kupewa ushoni. Darasani hukuwepo. Umeona kovu, jeraha hukuliona, na juu ya hilo kovu umejenga ualimu wako mzima kabla hata hujashika chaki. Sasa nisikilize nikusimulie, maana kesho unakwenda kukabidhiwa watoto wa watu wa Makunduchi, na sitaki uwaendee na woga ulioupata kwangu.

Kitabu unakijua. Ile hadithi ya mume anayesafiri na kumwambia mkewe asimfungulie mtu mlango mpaka atakaporudi. Usiku wa mvua jirani anagonga, kabeba mtoto ana homa kali, anaomba msaada. Mke analia nyuma ya mlango lakini hafungui. Mtoto anakufa. Mume anarudi, anasikia habari, anamsifu mkewe na kumpa kitambaa cha hariri. Hadithi imekwisha. Chini yake pana swali: mke huyu alikuwa na sifa gani? Na katika kitabu cha mwalimu limeandikwa jibu, neno moja: mtiifu.

Neno moja! Mtoto wa mtu kafa kizingitini, na kinachotakiwa kwa wasichana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, ambao kesho kutwa nao watafungiwa milango, ni neno moja. Mimi kila nikifika ukurasa ule damu hunichemka. Nani aliyeiandika hadithi ile sijui, lakini najua hakupata kukaa nyuma ya mlango.

Miaka ya mwanzo nilikuwa naisomesha vibaya, nami naijua hadithi yenyewe vizuri. Nilikuwa nauliza, "Mwaonaje, alifanya sawa?" Kisha kabla hawajavuta pumzi nalijibu mwenyewe. Ukimya wa darasa ulikuwa unaniogopesha, nikidhani ni aibu yangu. Nikauliza, "Mmefahamu?" wakaitika wote pamoja, "Naam, Bi Rukia!" kwa sauti ile ile wanayoitikia chuoni kwa maalimu. Kwa maalimu ni sawa, Kurani haibishaniwi. Hadithi ya kitabu cha skuli si Kurani, lakini nani aliyewahi kuwaambia?

Baadaye nikajifunza kunyamaza. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote, Zuhura, hasa kwa mtu aliyezaliwa na mdomo kama wangu, na wewe umenirithi. Uliza, kisha funga mdomo. Tazama dirishani, futa ubao ambao hauna kitu, fanya utakalo, lakini usiseme. Watajinyonganyonga, watachekana, watatazamana. Mmoja atashindwa kuvumilia, atasema. Na akisema, usimwambie "vizuri sana." Nimelipa kwa neno hilo. Nilikuwa nikisema "vizuri sana" na darasa zima linafunga vinywa, kwa sababu kwao mchezo umekwisha, mwenzao kashinda, kuna haja gani tena? Mgeukie mwengine umwambie, "Umemsikia mwenzio?" Basi. Hilo tu.

Hata hivyo kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakufungua mdomo hata nilipofika hapo. Asha. Ulimwona arusini kwa Bi Mwanakheri, mwembamba, ana pengo mbele. Muhula mzima kimya. Walimu wenzangu wakasema zezeta, arudishwe nyumbani ajifunze kupika. Waliyasema hayo chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mtoto kitu. Ukitaka kujua kwa nini nina hasira na wenzangu mpaka leo, ni hilo neno zezeta, lilivyotamkwa kwa wepesi.

Siku moja nikaenda kwao kumjulia hali bibi yake, anaumwa miguu. Zuhura, nilifika barazani nikasikia ndani mtu anabishana kama wakili. "Bibi wewe muongo! Jana ulisema samaki hakutosha, leo unasema alibaki ukampa paka!" Na bibi anajibu, "Nyamaza weye, mke mwenzangu, ndo maana babu yako kanipenda mimi!" Nikapiga hodi, nikaingia. Alikuwa Asha. Zezeta wetu. Alipon'ona akajikunja akawa yule yule wa darasani.

Na nyuma ya Asha, anachambua mchele, alikaa Salma. Hapo ndipo nilipofahamu, na nikataka kujipiga kichwa ukutani. Salma na Asha wanakaa benchi moja darasani, umri mmoja, urefu mmoja, mimi mwenyewe niliwaweka pamoja. Salma ni binti wa yule bibi, kitinda mimba. Yaani ni mama mdogo wa Asha! Na Salma ndiye msemaji wa darasa, kila nikiuliza yeye wa kwanza. Sasa nambie, mtoto aliyelelewa akaleleka atambishia vipi mama yake mdogo mbele ya watu? Angekuwa na jambo gani la kusema, na Salma keshasema? Alikuwa anakaa pale muhula mzima anameza maneno yake kwa adabu, na sisi wasomi tunamwita zezeta.

Lakini kwa bibi yake ana ruhusa, kwa sababu bibi na mjukuu wana utani. Watatukanana, watacheka, hakuna atakayekasirika, kila mtu Unguja analijua hilo. Nikarudi nyumbani nikifikiri. Kesho yake darasani nikasema, "Leo jamaa zenu wote nimewabadilisha. Asha ni bibi. Salma ni mjukuu wake. Mwenye la kusema aseme kwa utani wake." Nikawagawa darasa zima hivyo, mabibi upande huu, wajukuu upande ule, nikawasomea hadithi ya mlango.

Laiti ungeona! Asha alisimama mkono kiunoni, mgongo kaupinda kibibi kabisa, akasema, "Mke mwenzangu, unasema upuuzi. Roho ya mtoto na komeo, kipi kikubwa?" Salma akajibu, "Na weye kikongwe, ukipewa talaka utalala wapi? Kwangu mimi hapana nafasi!" Walicheka mpaka wengine wakalia. Na ndani ya kicheko kile wakasema mambo ambayo katika miaka yangu yote ya kusomesha sikupata kuyasikia katika somo la kusoma. Mmoja akauliza kwa nini jirani naye hakuwa na mume wa kumpeleka mtoto kwa daktari, yuko wapi mwanamume katika hadithi hii isipokuwa yule mwenye funguo. Mwengine akasema mke alikuwa anajua kufungua, alichokuwa hajui ni kusema uongo baadaye.

Na sasa nikwambie lililonigusa mimi. Mimi siku zote nilikuwa na jibu langu: angefungua. Kitabu kinataka mtiifu, mimi nataka angefungua, na nilikuwa nawasukuma huko polepole, kwa maswali yaliyopinda, huku najiona nawapa uhuru. Siku ile Salma akaacha utani, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Bi Rukia, nyote mnasema angefungua kwa sababu mlango si wenu. Kwetu yupo aliyefungua." Kwao kuna ndugu wa kike amerudishwa na mumewe, yeye na sanduku lake, mwaka huo huo, mtaa mzima unajua na mtaa mzima unajifanya haujui. Mimi nikanyamaza, na safari hii si kwa ufundi wa ualimu, nilikuwa kweli sina la kusema. Asha akamwambia, "Basi mwandishi kamuonea mke vile vile kama alivyomuonea mtoto." Mtoto wa miaka kumi na nne! Mimi hilo sikulifikia mpaka siku ile.

Basi tukawa tunasoma hivyo. Hadithi baada ya hadithi, mara mabibi na wajukuu, mara mabinamu. Walimu wa madarasa ya jirani walikuwa wanalalamika kelele. Sikuwajali, na pengine hapo ningewajali kidogo, ningewaita waje wasikilize badala ya kuwapita ukumbini kichwa juu. Kiburi ninacho, unakijua. Mtu ambaye hajaalikwa huwa shahidi mbaya.

Mkaguzi alikuja siku ambayo wasichana wenyewe waliniomba turudie hadithi ya mlango. Aliingia bila hodi, mwalimu mkuu nyuma yake. Akamkuta Asha kasimama anamwambia Salma, "Mjukuu wangu, akili yako imeliwa na mchwa." Akapiga meza kwa fimbo yake. Akauliza hawa ni nani, mwalimu mkuu akamwambia yule aliyekaa ni mama mdogo wa huyu aliyesimama. Akamgeukia Asha, "Unamwambia mama yako maneno hayo?"

Nikamweleza. Kwa adabu zote, Zuhura, Mungu shahidi yangu, nilimwita bwana mara nne. Akaniinulia mkono ninyamaze. Akamuuliza Asha, "Mke huyu alikuwa na sifa gani?"

Asha akasema, "Mtiifu, bwana."

"Vyema. Kaa."

Hakukaa. Akasema, "Mtiifu, bwana, lakini mtoto kafa."

"Hilo halimo katika swali."

"Naam, bwana. Ndilo tunalolizungumza."

Wallahi, katika maisha yangu ya kazi sijapata kuona fahari kama nilivyomuonea mtoto yule, amesimama na pengo lake, hatetemeki. Na mtu mzima yule, amesoma, ana gari na tai, hakuona lolote ila utovu wa adabu. Ofisini akasema, "Lile si darasa, ni soko la Darajani."

Kinachonichoma si kwamba hakufahamu. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Yule ni mtoto wa mjini hapa, kalelewa na bibi yake mtaa wa Malindi, na bibi yake alikuwa akimwita "mume wangu" mbele ya watu na yeye akimjibu kwamba meno yamekwisha atafute mzee mwenzake. Anaujua utani kama anavyolijua jina lake. Alijifanya haujui, kwa sababu mlangoni kasimama mwalimu mkuu, na kichwani mwake kasimama bwana mwengine mkubwa zaidi atakayempelekea habari. Aliona haya na bibi yake! Alisimama mbele ya wasichana arobaini akamkana bibi yake aliyemlea, na baada ya hapo akasema wasio na adabu ni sisi.

Somo akapewa mwenzangu. Ni mtu mwema, simsemi. Anaandika ubaoni maswali na majibu. Mimi sasa nashona pindo chumba cha pili, na ukuta ni mwembamba. Juzi nimewasikia wote pamoja, Asha yumo, Salma yumo: "Mke huyu alikuwa mtiifu." Mara tatu, ili washike. Sindano ilinichoma kidole na sikuihisi.

Ndiyo maana jana niliposikia maneno yale yale yanatoka kinywani mwako, mezani kwangu, sikuweza kumeza. Nilidhani yule bwana kanichukulia darasa. Kumbe kanichukulia na mwanangu.

Usinambie skuli ya shamba ni mbali na mkaguzi atafika mara moja kwa mwaka. Woga hauhitaji mkaguzi, unajikagua wenyewe. Na usinambie watoto wa shamba hawajui kuzungumza. Nani kakwambia? Wanawake wa kisiwa hiki, wa mjini na wa shamba, wakirudi arusini watakaa mpaka alfajiri wanabishana wimbo ule ulimkusudia nani, kwa nini mwimbaji aliurudia mstari ule, na yule bibi mwenye kanga mpya kwa nini alitoka kabla haujakwisha. Neno moja watalipindua pande zote. Hawa ndio mama wa watoto wako. Ukiwafundisha watoto wao kwamba maneno ya kitabu yana jibu moja, utakuwa umewapokonya kitu walichokuja nacho kutoka nyumbani, na utakuwa umewapokonya kwa mshahara wa serikali.

Watasema Kimakunduchi. Utashindwa kufahamu maneno mengi, na utaona haya, mwalimu mzima wa kutoka mjini. Usiwacheke, na usiwasahihishe katikati ya fikra. Mtoto akisahihishwa ulimi wakati moyo umemjaa, anafunga vyote viwili. Waombe wakufasirie. Wafanye wao ndio walimu wa hilo, utaona watakavyonyooka mgongo. Na kabla ya kumpanga mtoto benchi, uliza nani ni nani kwa nani. Mji mdogo ule, wote ni jamaa, utakuta darasa zima limejaa mashangazi na wapwa na wakwe. Utani wao wenyewe usiubuni, waulize, huenda una mipaka mingine kuliko wetu. Mimi nilibahatisha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata baba yako hajalijua. Mwalimu mkuu aliniita juzi. Yeye hana ubaya, yuko baina ya moto na moto. Akanambia, "Bi Rukia, kabla muhula haujafungwa mkaguzi atapita tena. Simama mbele ya wasichana, umuombe radhi, useme yale mazungumzo yalikuwa makosa. Somo lako ntakurejeshea siku hiyo hiyo."

Damu ilinipanda nikatoka bila kuaga. Tangu hapo naibeba habari hii peke yangu. Nikisimama mbele ya Asha nikasema yalikuwa makosa, nimemwambia kwamba siku aliyoikataa ile "kaa" alikosea. Sidhani atasimama tena maisha yake. Nisipoomba radhi, ataendelea kuimba "mtiifu" mara tatu nyuma ya ukuta mpaka aolewe, na mimi nitakuwa na heshima yangu na sindano yangu. Heshima hiyo itamfaa nani? Nikirudi darasani naweza kuwafungulia tena, kimya kimya, kwa sauti ya chini. Lakini watanisadiki? Watanitazama vipi? Usiku nasema siombi radhi kwa mtu aliyemkana bibi yake. Asubuhi nasikia wanavyoimba, nasema nitaomba, liwe liwalo. Wenzangu sitawauliza, nimeshakwambia nina kiburi. Baba yako atasema omba radhi yaishe, kwa sababu ananionea huruma, na huruma si jibu.

Wewe ni mwalimu sasa. Jana ulinikasirisha, lakini ulisema unachokiamini mbele yangu, na wengi hawathubutu. Basi nakuuliza, na sina jibu langu nililolificha nyuma ya swali hili. Ningekuwa nalo ungelijua, maana hunijui kwa kuficha. Nifanye nini?

Soma barua hii ukifika. Kaa nayo. Wasomeshe watoto wako wiki mbili au tatu, kwa njia yoyote utakayoiona, yangu au yako, uone darasa linavyokuwa na uzito mikononi mwa mtu. Kisha niandikie, barua mpe dereva wa gari la Makunduchi, atanifikishia. Muhula haujafungwa bado.

Lakini ukiniandikia "naam, mama, nimekusikia," nitaichana, Zuhura, na nitalia. Nibishie.

Mama yako anayekungoja,
Rukia